Moja na Nusu

Ilianza kwa chupa ya dawa ya kikohozi:
nikaisogeza mbali, mbali tena, hadi mkono ukaisha,
na maandishi bado yanatambaa kama sisimizi.
Nikasema ni taa. Swansea hii na mawingu yake, nani asome?
Nikabadilisha glopu ya jikoni.
Nikawalaumu wachapishaji.

Mimi, Mwanatumu, mchora hina,
niliyewapamba maharusi toka Cardiff hadi Bristol,
ncha ya koni yangu nyembamba kama unywele!
Kisha Jumamosi ile, kwa binti wa Nuru,
bibi arusi akainua kiganja, akakigeuzageuza:
"Shangazi, ua hili lina petali sita. Lile lina tano."
Akacheka, mtoto ana adabu.
Nami nikacheka.
Usiku sikulala.

Bi Pritchard ana duka nyuma ya soko, kwenye harufu ya chaza.
Akanikalisha, kidevu juu ya chuma baridi,
akanipulizia upepo machoni, akauliza umri.
Arobaini na minane.
"Basi si ugonjwa," akasema.
"Lenzi ya ndani ya jicho ilikuwa laini, ikijikunja kufuata cha karibu.
Sasa imekakamaa."
Nikawaza: kumbe hata jicho lina goti.

Akanitandazia, kama muuza vitambaa:
miwani ya kusomea, bei ya sahani ya chipsi,
ila ukiinua kichwa, mlango unageuka ukungu.
Miwani ya ngazi, juu mbali, chini karibu;
utapapasa vidato wiki mbili, kisha utazoea.
Au lenzi za kubandika, jicho la kulia lipewe mbali,
la kushoto karibu, ubongo uamue ugomvi.
"Wake wenza," nikasema kwa Kiswahili. Hakuelewa.
Yapo matone ya kubana mboni iwe tundu la sindano,
yanakukopesha saa chache, na pengine kichwa kinauma.
Ipo leza ya kuchonga kioo cha jicho.
Na kipo kisu: lenzi yako itoke, ya bandia iingie,
ila usiku taa za magari huenda zikaota miduara.
Nikauliza bei ya kisu.
Alipoitaja, nikauliza tena habari za miwani ya kusomea.

Hakucheka. "Kazi yako iko umbali gani?"
Nikaushika mkono wake, nikaulaza mezani, kiganja juu,
nikainama kama ninavyoinama.
Akachukua rula kwa mkono wa pili.
Sentimita thelathini na nne.
Miaka ishirini na mbili, hakuna aliyewahi kuipima kazi yangu.

Moja na nusu, akasema, namba yako.
Nikavaa.
Kiganja chake kilikuwa bado pale:
mistari, na mistari ndani ya mistari,
chale ya karatasi, mpya, pembeni ya kidole gumba.
Na juu ya kidole changu, alama ya pasi
niliyodhani imekwisha futika.

Nyumbani nikafungua picha za simu.
Harusi za mwaka jana. Za mwaka juzi. Nikazivuta zikue.
Shina limekatika. Nukta zimegongana.
Jani linaelea, halina tawi.
Wote walilipa. Wote walinikumbatia.
Hina haiweki ushahidi, wiki mbili imekwenda na sabuni;
lakini wiki mbili nzima, wanangu,
mlitembea na upofu wangu mikononi
mkiwaambia watu: tazameni, kazi ya Mwanatumu.

Sasa nina kamba shingoni.
Leo asubuhi miwani nimeitafuta nusu saa, ipo kichwani.
Kisha nikampigia Nuru:
mwambie binti aje, nimchore upya, bure.
"Dada, mbona ilishafutika?"
Aje hivyohivyo, nikasema.