Ukuta Ndani ya Kisima

Mzee Mbarouk Shaame kaja na pishi mbili za karafuu kavu,
kaziweka juu ya madaftari ya kidato cha tatu:
Mwalimu, Mcha wangu kashinda. Mtungie.
Wete hadi Chake kwa njia ya zamani, kona zote zile,
baiskeli ya kuazima, mnyororo umechomoka mara mbili.
Akataka viwemo vyote: mnyororo, kona, kikombe cha bati.

Lakini mimi nimekesha na malenga wa Wagiriki wa kale,
waliolipwa, kama nilipwavyo, kuwasifu vijana wa mbio na mieleka,
na nimeona jambo: mbio zenyewe hawazisimulii.
Watataja jina, jina la baba, mji.
Kisha wanaruka.
Kijana yuko uwanjani bado, vumbi halijamtoka magotini,
wao wameshafika kwa shujaa aliyekufa
kabla ya babu wa babu yake kutahiriwa.

Mwanafunzi akifanya hivyo naandika kwa wino mwekundu:
umetoka nje ya mada.
Miaka kumi na tisa nimeandika hivyo.
Sasa nashuku kwamba huko nje ndiko mada iliko.
Ushindi una siku moja;
Jumatatu kikombe kishatiwa sukari.

Na kisa hawakimalizi. Wanakikata panapouma,
wanamwachia msikilizaji kipande mkononi, kina ncha.
Sifa ikizidi huita kijicho, hilo walilijua,
basi lile wasiloweza kumwambia tajiri usoni
hupewa wafu walitamke.

Niruke wapi mimi? Pemba hatuna mlima wa miungu.
Tuna Pujini.
Tuna kile kisima cha ngomeni, wasemacho watu
kwamba mtawala alikijengea ukuta ndani
wakeze wawili wasionane wakiteka:
huyu kwa ngazi, yule kwa kamba.

Sababu Mzee Mbarouk hakunambia nani alikuwa wa pili.
Wanafunzi walinambia.
Sleyum, wa mke mdogo,
nyuma kwa urefu wa gurudumu.

Nikaandika:

*Kisima kina kivuli, na ukuta katikati,*
*Huteka wake wawili, kila mtu na wakati,*
*Chini maji ni kamili, hayagawiki kwa hati,*
*Mshindi kunywa halali, mwachie nduguyo kata.*

Kaisoma amesimama, midomo ikimchezacheza.
Baiskeli iko wapi? kaniuliza.
Nikamwambia imeegemezwa ukutani, haionekani kwa upande huu.
Hakucheka.
Kachukua pishi moja, moja kaiacha,
harufu yake mpaka sasa imo kwenye insha za watoto.

Mlangoni kageuka, kiatu kimoja mkononi:
Kwani yule mwengine alipitwa kwa kiasi gani?

Gurudumu, nikasema.
Si zaidi.