Yatokanayo na Moshi

Mahudhurio: saba.
Naandika saba, ingawa Hatibu kasimama mlangoni,
mguu mmoja kikaoni, mmoja barabara ya Newala,
na Somoe, juu ya kinu kilichopinduliwa,
ametupa mgongo.
Daftari halina safu ya mgongo.
Aliyekuja, kaja.

Pipa tulilinunua Tandahimba mjini,
la dizeli, hadi leo linanuka.
Tulisema tutakaanga korosho wenyewe,
tubangue wenyewe, tupakie wenyewe,
tusimwuzie tena mtu wa kangomba
na kisado chake kilichogongwa kitako kikatuna.
Siku ile tulikubaliana hata kwa kucheka.
Ilibaki ajenda moja, ndogo,
nikaibana mwisho wa ukurasa:
tundu la bomba likatwe wapi.

Hatibu: juu.
Moshi ni kitu cha juu, nani hajui?
Mchopa: juu, maana Hatibu ni shemeji yake.
Bi Nambunga: popote, ila upesi, kaacha ming'oko jikoni.
Somoe akauliza jambo.
Sauti ilikuwa ndogo, Hatibu anacheka, kuku wanapita,
kalamu yangu imegoma naikuna kwenye kisigino.
Nikaandika: Somoe alipinga.
Nikaandika: kikao kilikubaliana.

Tundu likakatwa juu.

Wiki tatu moshi wa ganda ukatukalia.
Si moshi wa kuni, ule una adabu;
huu unashika koo, unakamua jicho,
unaacha ulimi na ladha ya msumari.
Ausi akalaumu pipa. Mchopa akalaumu upepo.
Bi Nambunga akasema humu kuna mwenye kijicho.
Hatibu akasema maneno kuhusu wanawake na ufundi
ambayo sikuyaandika,
na sasa najua kutoandika nako ni kutia saini.

Somoe alikuja kila siku.
Alipaka majivu mikononi, akabangua,
korosho zikatoka nzima kama meno ya mtoto.
Hakusema neno.
Tukasema amenuna.
Tulimsema mno
mtu asiyesema.

Jumatatu nikampelekea daftari aweke dole gumba.
Akachovya wino, akabandika.
Doa.
Duara jeusi lisilo na mstari hata mmoja:
miaka kumi na minne utomvu wa ganda
umemla alama zote.
Akatazama doa, akatazama maandishi yaliyo juu yake.
"Hapa umeniandika nini?"
Nikamsomea.
"Sikupinga," akasema. "Niliuliza:
pipa likilala, moshi utatokea wapi?"

Pipa likilala.

Hakuna kati yetu aliyewahi kuliwaza limelala.
Lilikuja limesimama, tukaligombania limesimama.

Hatibu akanyamaza muda wa kumenya chungwa.
Kisha akalipiga teke, si kwa hasira,
au kwa hasira iliyobaki,
likaenda ubavu, likabingirika
hadi miguuni pa Somoe.
Naye akaokota mkaa, akachora sakafuni:
mdomo huku, moto hapa,
bomba linatokea kisogoni, linapenya ukuta.

"Ukuta wa nani?" Mchopa.
"Wako."

Basi kelele zikaanza upya,
ila zilikuwa kelele nyingine, za watu walioinama,
kila mmoja na mkaa wake,
huyu anafuta kwa unyayo alichochora yule.
Bi Nambunga aliongeza kifuniko cha sufuria
hatukujua cha nini, sasa tunajua.
Niliandika yote safari hii, hata kikohozi.

Mchopa hajakubali.
Mkewe huanika nguo upande ule,
na ana haki, nimeiandika haki yake.
Ajenda inaendelea Alhamisi.

Pale penye neno "alipinga"
nimepitisha mstari mmoja tu, mwembamba,
kosa langu lisomeke.
Juu yake nimeandika: aliuliza.
Chini, dole la Somoe,
jeusi, laini,
halifanani na la mtu mwingine yeyote.