Upande B

Kaseti ilikuwa ya kaswida, kwanza.
Vuai aliziba vitundu viwili vya juu kwa gundi ya karatasi
akarekodi juu yake, na hadi leo,
wimbo mmoja ukiisha na wa pili haujaanza,
dufu linagonga mara mbili, kwa mbali,
kama mgeni asiyejua kuwa harusi imehamia nyumba nyingine.

Michenzani, jumba namba saba, ghorofa ya tano.
Godoro tuliliegemeza dirishani likanywa kelele za barabara.
Kipaza sauti kilining'inia kwenye hanga ya koti,
kimevishwa soksi ya shule. Nyeupe, zamani.
Shaame, aliyejiita Wembe, alighani amefumba macho,
mikono nyuma, kama yuko chuoni mbele ya maalimu,
na kweli pumzi zile alizitoa chuoni:
aliyezoea kusoma aya ndefu bila kukata
mistari kumi na sita kwake ni kupiga chafya.

Alighani nini? Ngazi.
Lifti iliyokufa kabla hatujazaliwa,
ndoo kutoka bomba la chini,
mabibi wanaopumzika ghorofa ya tatu,
kitako juu ya dumu, wakitukana kwa heshima.

    Napanda ngazi, ngazi hazinipandishi,
    nabeba maji, maji hayanisafishi.

Watoto wa Ng'ambo waliijua mistari hiyo
kabla ya jedwali la saba.

Kiitikio ni mimi.
Jalada lilikuwa fotokopi, na jina langu halimo.
Pameandikwa: *sauti ya kike, jirani.*
Nilitaka mwenyewe. Baba alikuwa hai,
na mkanda wake ulikuwa hai.

Nakala mia mbili, Darajani, kwenye meza ya betri na viberiti.
Leo mtangazaji, ambaye wakati ule hajaota meno,
anasema ni albamu iliyofungua mlango.
Mlango upi, yakhe?
Mlango wa Vuai ulikuwa haufungi,
tukiuzuia kwa ndara.

Nimeisikiliza tena, na niseme kweli:
wimbo wa pili mbovu. Kinanda kimeukimbia mdundo.
Wa sita, Shaame anajisifia gari,
yeye aliyekuwa akiazima baskeli kwenda Mwembeladu.
Nilicheka peke yangu jikoni hadi chai ikafurika.

Lakini wa nne.

Mundhir, kijana wa kutengeneza simu,
ameisafisha yote kwenye kompyuta.
Kaniletea, kifua mbele:
"Shangazi, sikia, hata vumbi hamna."
Kweli hamna. Dufu halipo.
Na kwenye wimbo wa nne, baada ya ubeti wa pili,
kimya kimepigwa pasi.

Nikamwambia, rudisha.
"Shangazi, kuna mtu mle anapiga makelele."

Ndiyo.
Mtu yule alipanda ngazi zote zile na presha yake,
akagonga mlango kwa kiganja:
*Mwanakheri! Maji yatoka!*
Vuai hakuzima. Kaseti tupu ilikuwa ghali.
Shaame akapotewa na pumzi, mara moja tu katika maisha yake,
nusu ya neno ikabaki hewani,
kisha akaendelea.
Na mimi, kiitikio kile, nakiimba huku nacheka,
wanasema ndiyo uzuri wake,
wanadhani nilikusudia.

Mama ana mwaka wa kumi na moja Mwanakwerekwe.
Picha ninazo, tano au sita.
Katika zote kafunga mdomo.

Basi usiku natoa ile yenyewe, chafu.
Utepe umeungwa pahala pawili kwa rangi ya kucha.
Naurudisha nyuma kwa penseli, kuiokoa redio.
Dufu. Dufu. Shaame. Ubeti wa kwanza, wa pili,
mlango,

na kila mara, kabla sijakumbuka
kwamba siku hizi bomba liko ndani,
nimeshanyanyuka, natafuta ndoo.