Posta

Mtanda nzima ilimwita bibi Esha Posta.
Tukaamini baba yake alibeba barua;
wengine wakamwongezea baiskeli, kofia,
na mbwa wa Ndoro aliyemng'ata kigimbi.
Uongo ukikaa sana nyumbani hupata samani.

Kumbe lilikuwa jina. Postma.
Hendrik, mwana wa Sjoerd, Mholanzi,
fundi wa korona (ya mkonge, si ya barakoa),
Kitunda, ng'ambo ya maji.
Miaka minane, kisha meli, kisha kimya.

Sikuwa natafuta damu. Nilitafuta cheti.
Mahakama ya mwanzo haigawi nyumba ya vyumba vinne
mpaka marehemu athibitishe kuwa alizaliwa.
Karani wa vizazi, bwana Nnunduma,
alilamba kidole, akafunua, akafunua:
Wagiriki, Wahindi, mtoto wa meneja.
"Wa kwetu wakati ule hawakulazimishwa," alisema,
kama mtu anayesema mwaka ule mvua haikunyesha.

Lakini kwao Hendrik kila kilichopumua kiliandikwa.
Sista Aleida wa Nyangao, mstaafu,
alipekua nami kwenye simu yangu yenye ufa,
neno kwa neno, miwani kwenye ncha ya pua.
Vizazi hufunguliwa baada ya miaka mia.
Ndoa, sabini na mitano. Vifo, hamsini.
Nikawaza: karatasi za huko
zina eda ndefu kuliko wajane wetu.

Akatokea, kwa wino uliopauka:
Harlingen, elfu moja mia nane tisini na sita,
tarehe tatu Machi, saa nane na nusu usiku.
Baba: mwoka mikate, miaka thelathini na mmoja.
Mama: Trijntje, bila kazi.
(Huyu alikuwa mtoto wake wa saba. Bila kazi.)
Mashahidi: fundi viatu, na mlinzi wa lango la maji.
Wakasomewa, wakatia saini.
Ya mwoka mikate imetoboa ukurasa.

Nilimwonea kijicho mtoto yule.
Si kwa jina, wala nyumba ya matofali.
Kwa ile nusu.
Saa nane *na nusu*.
Kuna mtu aliinua macho akatazama saa kwa ajili yake.

Tukafungua vifo. Harlingen tena, hamsini na nane.
Sista akasoma, akanyamaza, akavua miwani.
"Soma tu, sista."
"Hakuoa kamwe."

Hakuoa.
Na yale majora mawili ya kaniki?
Na cherehani ya mkono ambayo mama bado anashonea mito?
Na mwalimu wa chuo aliyefungisha,
Hendrik akawa Hamisi kwa mchana mmoja?
Somoe binti Nangumbi alitoka arobaini
akiwa na mtoto mwenye nywele za hariri ya mahindi,
na hakuna aliyeuliza.

Sisemi daftari limedanganya.
Daftari huandika alichosema
yule aliyekwenda kutoa taarifa.

Nikarudi dirishani kwa Nnunduma,
fomu ya usajili uliochelewa.
Jina: Esha. Mahali: Kitunda. Mwaka: thelathini na moja.
"Baba?"
"Andika Posta."
"Posta ni ofisi, mama."
"Andika."
Akaandika. Muhuri ukalia.
Saa ya kuzaliwa haikuwa na kisanduku.

Jioni nikaenda Mitandi, kwa Binti Mkumba,
ambaye miaka yake inabisha hodi kwenye mia.
Alikuwa na miaka saba siku ile,
alichungulia, akafukuzwa mlangoni kwa ufagio.
Hakuniuliza ni ya nini.
Alitafuna, akatema, akafikiri.
"Kengele ya wakataji ilikuwa imeshalia," alisema.
"Ya wapakiaji bado."

Nimekigeuza cheti.
Nyuma, kwa penseli, nimeandika hivyo hivyo:
baada ya kengele ya wakataji,
kabla ya ile ya wapakiaji.