Saa Isiyojua Saa

Saa ya ukutani hapa Kijitonyama
imegota saa saba tangu Ramadhani.
Kompyuta ya Lusajo inasema kumi,
muuza chapati chini anasema nne.
Wote wakweli.

Jana Lusajo alirekebisha majira kipimo kikiendelea,
jibu likatoka hasi:
risiti za Mwanahija zimejumlishwa
kabla hazijaanza kujumlishwa.
Tukacheka, chai ikapoa.

Leo nimeandika kipima muda kisichojua tarehe,
kinachojua tu kwenda mbele.
Anza. Simama. Toa mwanzo kwenye mwisho.
Kwenye kompyuta, milisekunde arobaini;
kwenye simu yake yenye ufa, msimbo uleule,
sekunde tisa, kila risiti.

Kumbe hapo ndipo wateja wake
walipokuwa wakisimama juani.