Kiini Kimoja

Punta Arenas, Julai. Saa kumi na moja na nusu,
jua limekwishafunga duka.
Upepo unagonga bati la maabara
kama mwenye deni lake asiyesikia "njoo kesho".

Yanira Oyarzo, koti juu ya koti,
anakodolea macho mistari kumi na sita ya skrini:
mmoja mwekundu, umejaa pomoni;
kumi na mitano, mitupu.

Kiini kimoja kinakokota mto mzima wa barafu
tangu Jumanne, peke yake.
Vingine vimeketi vinakula umeme,
wageni wa harusi wasioombwa hata kuosha sahani.

Anaiuliza Linux: unavyo vingapi?
Kumi na sita, inajibu, bila haya.
Anaijenga programu upya. Kimoja.
Anaomba nyuzi kumi na sita. Kimoja.
Anatukana taratibu, kwa Kihispania cha bibi yake wa Chiloé.
Kimoja.

Kisha, chini kabisa ya faili la kuanzia,
lile ambalo hakuna alifunguaye,
anaukuta mstari wa don Eleuterio, mstaafu:
nyuzi, moja tu.
Na pembeni: *Feni imekufa. Vikiamka vyote, mashine itaungua.
Nitaufuta mstari huu feni mpya ikifika.*

Feni ilifika.
Mashine ile ikatupwa, ikaja nyingine, na nyingine,
faili likinakiliwa kila mara,
hofu ikirithiwa, kama mjukuu anayemkimbia
mbwa aliyemng'ata babu.

Anampigia simu. Mzee anacheka hadi anakohoa:
"Bado upo?"

Anafuta. Mistari yote inasimama wima,
feni zinavuma, chumba kinapata joto,
Yanira anavua koti moja.

Lakini manahodha wengi:
jibu la kwanza linasema barafu ya bonde la kusini
ina unene wa mita hasi tisa.
Nyuzi mbili zimeandika palepale, kwa pamoja,
kila moja ikidhani kalamu ni yake.

Basi anaweka kufuli penye kujumlisha.
Hapo hupita mmoja mmoja, wengine wangoje.
Siku nne zinakuwa saa kumi na moja.
Si mara kumi na sita; mlango ni mmoja,
na mlangoni hata wepesi hupanga foleni.

Usiku wa manane, kabla ya kuzima taa,
anarudi kwenye lile faili, pale palipokuwa na mstari,
anaandika: *Feni ni nzima. Y. O.*
Anafikiri kidogo.
Anaongeza tarehe.