Peni ya Mizani

Msimu huu nilipewa peni nne hapa ghalani Kitangari.
Tatu zimeondoka. Peni haiibwi;
huazimwa, ikachomekwa nyweleni, ikaenda Mnyambe.
Ya nne nikaifunga uzi wa gunia
kwenye mguu wa meza,
kama mbuzi.

Hapo ndipo nikaanza kuitazama.

Ina pande sita. Meza yetu imelala upande,
mguu mmoja umepandishwa juu ya tofali,
na kila cha mviringo hushuka:
betri, korosho, chungwa la mlinzi.
Peni hubaki ilipo. Kuna mtu, sijui wa wapi,
aliifikiria meza hii kabla sijaajiriwa.

Ubavuni ina tundu, la kupita sisimizi kwa shida,
ivute pumzi, wino upate kushuka.
Kifuniko nacho kimetobolewa utosini
ili mtoto akikimeza, roho yake ipate njia.
Aliponieleza haya Dadi Nampoto, fundi redio,
nilikitazama changu, nilichokitafuna hadi kikawa cheupe,
nikaona haya kidogo.
Kitu cha bei ya maandazi mawili
kimenifikiria hadi kooni.

Na ncha yake: gololi,
ndogo kuliko punje ya ulezi,
inazunguka, inazunguka, haijui kusoma.

Tumboni wino unauona. Haifichi.
Nimebakiwa na kidole kimoja, inasema,
usije ukadai sikukwambia.
Sikusikia.

Ilikuwa Jumamosi, mnada kesho yake,
foleni imefika mashine ya kusaga,
na nje wale wa kangomba wamechuchumaa na bakuli lao,
wanamsubiri atakayechoka.
Somoe Mkapunda akapandisha gunia la mwisho.
Nikasoma kwa sauti, nikaandika kwa kukandamiza,
maana kaboni ya mwaka huu ni ile iliyochoka,
usipoikaza, nakala ya chini hutoka kama ukungu.
Nikachana ya juu, nikampa, macho yangu kwenye gunia la mwenzake.

Jumanne akarudi. Karatasi ina jina,
ina tarehe, ina mhuri wa chama.
Penye kilo pana weupe.

Mali bila daftari, walisema, huisha bila habari.
Hawakusema lolote kuhusu daftari bila wino.
Katibu alikwisha kuanza kukisia,
na kukisia kwake siku zote huteremka:
mia mbili na themanini, tuseme. Sabini.
Somoe hakubishana. Alisimama tu, kanga imekazwa kiunoni,
kama mtu aliyekuja na siku nzima.

Nikafungua kitabu. Nakala ya pili:
mia tatu kumi na moja na nusu,
buluu ya kaboni, hata nukta imo.
Ya tatu vilevile, kwa mbali.
Wino ulikwisha, gololi haikujua;
ilizunguka kavu,
ikaendelea kusema kweli kwa walio chini.

Katibu akavua miwani. Akaivaa.

Nikaichukua ile ya Somoe, nikailaza kwenye jua la mlangoni,
na mifereji ikajitokeza: tatu, moja, moja,
kama njia ya mchwa kwenye ukuta.
Yeye hakuangalia. Alipitisha gumba,
lile linalochovywa zambarau kila msimu,
likakanyaga mwishoni mwa kila ukurasa wangu.
Polepole, mara mbili.
"Na nusu," akasema. "Hii hapa, nusu."
Gumba linaloandikiwa miaka yote
siku hiyo lilisoma.

Alipoondoka aliomba ile peni tupu.
Ana mjukuu; bomba likishatolewa,
mtoto hupulizia punje za mtama, awapige kuku.
Nikafungua uzi.

Wametuletea ya tano. Ni nyekundu.
Mkaguzi amekataza.
Tumesimama, magunia yamesimama,
nani ana peni.